Kabla ya kulipa karo, uliza walimu wamekaa miaka mingapi

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya UNEB yanapotangazwa, kurasa za magazeti ya Kampala hujaa majina ya shule na picha za watoto waliobebwa juu juu. Wiki hiyohiyo simu huanza kulia katika ofisi za shule za Wakiso na Mukono. Wanaopiga ni wafanyabiashara wa Busia, Mutukula, Katuna, Elegu na Mpondwe. Nafasi ipo? Karo ni kiasi gani? Godoro aje nalo au atalikuta huko?

Gazeti hili linawajua wasomaji wake. Mtu asiyeweza kununua gunia la maharage bila kulichoma bambo aone punje za katikati, hulipa karo ya muhula mzima kwa shule ambayo hajawahi kuvuka geti lake. Ameona bango barabarani, ameona basi jipya lenye jina la shule, amesikia kuwa mtoto wa jirani alipata alama nzuri. Amelipa. Baadhi yetu tunaoandika tahariri hii tumefanya hivyo kwa watoto wetu, kwa hiyo hatumcheki mtu.

Uganda imekuwa darasa la majirani zake kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kagera na Dar es Salaam walikuwa wakileta watoto wao huku kufuata Kiingereza. Wasudani Kusini walileta watoto kwa sababu ya vita, Wakongo wa Goma, Beni na Bunia kwa sababu hiyohiyo, na Wakenya wa mpakani kwa sababu ya bei. Karo hiyo ni sehemu ya biashara ya mipakani ambayo haiandikwi kwenye fomu ya forodha, lakini ni mtaji. Kwa familia nyingi ndiyo fedha kubwa kuliko zote zinazotoka mfukoni kwa mwaka mmoja, na zinatoka bila risiti inayosema kilichonunuliwa ni nini.

Mwaka jana mama mmoja anayeuza vitenge kati ya Goma na Kikuubo alitusimulia habari ya mwanawe, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni nje kidogo ya Kampala. Kwa mwaka ule mmoja kijana alifundishwa fizikia na walimu watatu. Wa kwanza alihamia shule nyingine katikati ya muhula. Wa pili alikuwa mwalimu wa kulipwa kwa saa, akifika Jumanne na Alhamisi kwa bodaboda akitokea shule nyingine mbili. Wa tatu ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni. Geti lilikuwa lilelile, basi lilelile, na bango lilikuwa bado linatangaza matokeo ya zamani. Siku ya kutembelea wanafunzi mama alimfuata mkuu wa shule kumuuliza. Akajibiwa kuwa walimu wa siku hizi hawana wito.

Mama hakuridhika. Alituuliza sisi: “Mimi nina vijana wanne dukani. Wakiniacha watatu ndani ya mwaka mmoja, majirani watasema wao ndio wabaya, au mimi?”

Tunataka kulijibu swali hilo leo, kwa sababu tunaamini alikuwa ameshika penyewe. Mwalimu anapoingia darasani akiwa na moyo, au anapoingia mwili tu, au asipoingia kabisa, sababu iliyo karibu zaidi na rahisi zaidi kurekebishwa ni namna anavyoongozwa. Na ndiyo sababu ambayo mzazi na serikali huichunguza kidogo kuliko zote.

Tuanze na mshahara, maana asiyeutaja hataaminiwa na mwalimu yeyote, na ana haki ya kutoaminiwa. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali nchini Uganda hupata karibu shilingi laki tano za Uganda kwa mwezi. Mwaka 2022 serikali iliamua mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipwe milioni nne, huku mwenzake wa historia au fasihi, mwenye shahada kama yake na anayekaa naye meza moja, akibaki kwenye milioni moja na kidogo. Chama cha walimu, UNATU, kiligoma Juni mwaka ule. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa wakagoma tena kwa jambo lilelile. Kabla ya hapo shule zilikuwa zimefungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani, na walimu wengi wa shule binafsi walikaa kipindi hicho bila mshahara. Walikaanga mandazi, walifyatua matofali, waliendesha bodaboda. Wengi hawakurudi darasani. Hao wote wana madai, na gazeti hili limeyaunga mkono na litaendelea kuyaunga mkono.

Lakini mshahara hauelezi kila kitu. Shule mbili za serikali zilizo kwenye barabara moja hulipa walimu wao kwa ngazi zilezile, kutoka hazina ileile. Katika moja saa mbili kamili asubuhi utakuta kila darasa lina mtu mbele. Katika nyingine utakuta watoto wanacheza na mwalimu wa zamu anasema wenzake wako njiani. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mkubwa wa nchi sita, ambao watafiti wake waliingia shuleni ghafla bila taarifa. Uganda ndiyo iliyokuwa ya mwisho: walimu 27 kati ya kila 100 hawakuwepo, wakati wastani wa nchi zote sita ulikuwa 19. Wenyewe walisema hawakuona ushahidi mzito kwamba mshahara mkubwa peke yake hupunguza utoro. Waliona jambo jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa magazetini: walimu wakuu walikuwa watoro kuliko walimu wa kawaida.

Hapo msomaji atasema dawa ni rahisi, mwalimu mkuu apewe rungu na fedha, anayekuja alipwe, asiyekuja akatwe. Jambo hilo limejaribiwa, tena karibu na wengi wenu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya ya Busia upande wa Kenya na jirani yake Teso, Michael Kremer, ambaye baadaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, na mwenzake Daniel Chen walifuatilia mpango uliowapa walimu wakuu fedha za kuwazawadia walimu wa madarasa ya awali wanaohudhuria kazini. Mwalimu mkuu ndiye aliyeandika nani amekuja na nani hakuja. Kilichotokea ni kwamba walimu wakuu waliwaandika karibu wote kuwa wamekuja na wote wakapewa zawadi. Watafiti walipopita ghafla, utoro ulikuwa uleule.

Tusimcheke mwalimu mkuu wa Busia. Amekabidhiwa daftari, anaambiwa amkate fedha mwalimu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye wiki ijayo watakutana naye matangani, na yeye mwenyewe hakushiriki kuamua lolote katika mpango huo. Angefanya nini? Rungu aliloletewa lilikuwa la watu wengine.

Sasa vuka mpaka uje Iganga, mji ambao malori mengi ya Malaba na Busia hupitia yakija Kampala. Iganga ni moja ya wilaya nne za Uganda ambako watafiti, wakiwemo Frederick Mugisha na Andrew Zeitlin, walifanya jaribio katika shule za msingi 100 na kulitolea matokeo mwaka 2012. Kamati za baadhi ya shule zilipewa fomu ya kukagua shule yao, fomu iliyokwisha kuandaliwa, kazi yao ikiwa kujaza. Kamati za shule nyingine zilikalishwa chini, mwalimu mkuu, walimu na wazazi, wakaamua wenyewe ni mambo gani katika shule yao yanastahili kufuatiliwa, kisha wakayafuatilia. Katika shule za kundi hili la pili utoro wa walimu na wa wanafunzi ulipungua na alama za watoto zikapanda. Katika zile za fomu ya kuletewa hakukuonekana mabadiliko ya maana. Mafunzo na kazi ya kukagua vilifanana. Tofauti ilikuwa ni nani ameamua kinachokaguliwa.

Matokeo hayo tunayaona kuwa makubwa kuliko yalivyopewa uzito na wizara zetu. Siku hizi Uganda ina mfumo wa TELA, ambao kwa simu maalumu huandika mwalimu amefika saa ngapi na ametoka saa ngapi. Hatuupingi. Ukweli wa mahudhurio ni bora kuliko uongo wa daftari. Ila simu hiyo inajua kuwa mwalimu yuko ndani ya ua wa shule. Haijui kama yuko darasani au chini ya mwembe, na akiwa darasani haijui kama anafundisha au anaamuru watoto wanakili daftari la mwaka jana. Hapo ndipo inapohitajika akili ya mtu anayeongoza.

Wataalamu wawili wa Kanada, Natalie Allen na John Meyer, waliandika mwaka 1990 kuwa kujitoa kwa mfanyakazi kazini kwake kuna sura tatu. Yupo anayebaki kwa kuwa anapenda kubaki. Yupo anayebaki kwa kuwa akitoka atapata hasara. Na yupo anayebaki kwa kuwa anajiona ana deni la hisani. Mfanyabiashara haitaji chuo kikuu ili alielewe hili. Ana mteja anayemfuata hata akihamishia duka ghorofa ya tatu. Ana mteja anayekuja kwa sababu mzigo wa mwezi uliopita hajaumaliza kulipia. Na ana mteja ambaye ni shemeji yake.

Katika shule, mwalimu wa aina ya pili ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu katika kila hesabu anaonekana yupo. Jina lake liko kwenye ratiba, sahihi yake iko kwenye daftari, na simu ya TELA inamjua. Anaingia kengele ikilia, anasoma maelezo, anatoka kengele ikilia. Mtoto akiuliza swali la pili anaambiwa akasome kitabu. Hatafuti kosa, hatafuti sifa, anatafuta tarehe 28. Mkuu wa shule hawezi kumnunulia mtu huyu moyo wa aina ya kwanza. Ila ana uwezo mkubwa sana wa kuuua kwa wale walio nao, na huuua kwa mambo madogo madogo.

Waulize walimu, watakuhesabia. Ni mkuu anayemkaripia mwalimu mbele ya wanafunzi, kisha mchana huohuo anamtaka mwalimu huyo awe na nidhamu ya darasa. Ni ratiba inayobandikwa ukutani Jumapili usiku, mtu akikuta amepewa vipindi saba mfululizo hana wa kumuuliza. Ni kikao cha walimu kinachoanza saa nane na kwisha saa kumi na moja, na katika saa hizo tatu amezungumza mtu mmoja. Ni mshahara wa Mei unaolipwa vipande viwili, cha pili kikingoja hadi Julai, wakati Juni basi jipya limeingia na limepambwa kwa maua. Ni ruhusa ya mazishi. Tumeongea na walimu katika nchi tatu za jumuiya yetu, na hakuna jambo lililotajwa mara nyingi kuliko hilo: mwalimu amefiwa na mzazi, anaambiwa aandike barua, barua inakaa mezani, anaondoka bila ruhusa, akirudi anakuta barua ya onyo. Mtu huyo anaweza kuendelea kufundisha hapo miaka kumi. Lakini kuanzia siku ile anabaki kwa hesabu, na mtoto wako ndiye aliye mbele yake.

Huyo ni mkuu wa shule aliye mnyapara. Yupo na mwenzake, ambaye watu humsamehe kwa urahisi kwa sababu ni mpole. Huyu hayupo. Leo ana semina Jinja, kesho yuko wizarani, keshokutwa ana kikao cha wamiliki. Akija anaingia kama mwenye nyumba anayefuata kodi, anauliza makusanyo ya karo, anatia sahihi, anaondoka. Muhula wa kwanza walimu humpenda, maana hakuna anayewabughudhi. Muhula wa pili mwalimu mwenye bidii hugundua kuwa anabeba vipindi vya mvivu na hakuna anayeona. Muhula wa tatu ama naye anakuwa mvivu au anatafuta shule nyingine. Kwa maoni yetu huyu ana madhara kuliko mnyapara, kwa sababu mnyapara angalau huwapa walimu kitu cha kuungana dhidi yake.

Wala tusidhani kuwa ukali ndio tatizo. Wazee wa Kenya waliosoma Alliance High School pale Kikuyu enzi za Edward Carey Francis, mkuu wa shule kuanzia 1940 hadi 1962, watakuambia alikuwa mkali kuliko wengi wa leo. Lakini alikuwa mwalimu wa hisabati na alikuwa akiingia darasani mwenyewe, chaki mkononi. Alipoacha ukuu wa Alliance hakwenda kupumzika Uingereza. Alikwenda kufundisha Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Nairobi, hadi alipofariki mwaka 1966. Mtu kama huyo akikuambia umechelewa kipindi, unajua anazungumza habari ya kipindi. Mambo yake mengine ya zama za ukoloni yana mjadala wake, na hatuyapambi. Tunachosema ni kwamba walimu huvumilia ukali wa mtu anayebeba mzigo uleule, na huvunjika kwa ukali wa mtu aliyekaa juu ya mzigo.

Kwa gazeti la Kiswahili lipo jambo moja hapa ambalo hatuwezi kulipita. Tangu mtaala mpya wa sekondari wa 2020, Kiswahili ni somo la lazima kwa vidato viwili vya mwanzo Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Shuleni, mwalimu wa Kiswahili mara nyingi yuko peke yake. Hana mwenzake wa somo, vitabu ni haba, wenzake humtania kwamba anafundisha lugha ya askari, na mkuu wa shule humpa vipindi vya Ijumaa mchana, watoto wakiwa wamekwisha kuchoka. Yuko mkuu wa shule anayemwita, akamuuliza anahitaji nini, akampa asubuhi moja ya gwaride kwa wiki izungumzwe kwa Kiswahili. Na yuko anayengoja wizara ilete mwongozo. Sera ni moja. Wafanyabiashara wanaotaka watoto wao waweze kupatana bei Arusha na Bukavu bila mkalimani, wajue kuwa suala hilo liko mikononi mwa mkuu wa shule kuliko lilivyo mikononi mwa mawaziri.

Na mwalimu aliyevunjwa moyo leo ana pa kwenda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na hata kabla yake walimu wa Uganda na Kenya walikuwa wanavuka. Rwanda ilipohamia kufundisha kwa Kiingereza kuanzia 2008, walivuka Katuna. Shule za Kiingereza za Mwanza, Arusha na Dar es Salaam zimejaa majina ya Kiganda na Kiluhya. Juba nayo inawachukua. Sisi ni gazeti la utangamano, hatuwezi kulalamika kuwa watu wanavuka mpaka kutafuta riziki. Lakini tumewasikiliza wanaovuka. Mara nyingi husema wamefuata mshahara, na ukikaa nao chai ikafika kikombe cha pili, wanataja jina la mkuu wa shule.

Serikali zetu zinapaswa kufanya nini? Kwanza ziache kumfanya mtu mkuu wa shule kwa sababu tu amefundisha miaka mingi, au kwa sababu anafahamika na mheshimiwa fulani, halafu kumtafutia semina baadaye. Kufundisha kemia vizuri ni kazi moja, kuongoza watu wazima 40 wenye mishahara isiyotosha ni kazi nyingine. Tanzania ina ADEM, wakala wa maendeleo ya uongozi wa elimu wenye makao Bagamoyo. Kenya ina taasisi yake ya KEMI. Vyuo vya namna hiyo vingekuwa mlango wa kuingilia cheo, si zawadi ya aliyekwisha kukipata. Na hatuoni kwa nini mwalimu wa Mbarara asipelekwe Bagamoyo, ikiwa kweli jumuiya hii ni moja.

Pili, wakaguzi wa shule wahesabu kitu ambacho leo hakihesabiwi: walimu wangapi wameondoka mwaka huu, na kwa nini. Wanapima upana wa mabweni na idadi ya vyoo, na ni vyema. Shule iliyopoteza theluthi ya walimu wake kwa mwaka ina ugonjwa hata kama vyoo vinang'aa.

Tatu ni wamiliki wa shule binafsi, na hapa tunataka kuwa waadilifu kwa wakuu wa shule. Katika shule nyingi za Kampala na viunga vyake mkuu wa shule ni mwajiriwa kama wengine. Mwenye shule ndiye anayeshika daftari la hundi, ndiye anayeamua nani alipwe lini, na mara nyingine ndiye anayemfukuza mwalimu kwa simu, mkuu akija kusikia kwa mpishi. Huwezi kumdai mtu awajengee wenzake imani wakati yeye mwenyewe hajui kama Jumatatu atakuta ofisi iko wazi. Leseni ya shule binafsi ingetolewa kwa sharti kwamba walimu wana mikataba ya maandishi na mkuu wa shule ana sauti katika kuajiri na kuachisha. Mwenye shule aliyekopa benki kujenga ghorofa ataona hilo ni kumwingilia. Naam, aingiliwe. Anauza kitu kinachotuhusu.

Kisha kuna wewe unayelipa. Siku ya kutembelea wanafunzi inayokuja, ukishampa mtoto kuku wake na soda yake, usikimbilie gari. Omba kuonyeshwa chumba cha walimu. Ukikuta madaftari yanasahihishwa na watu wanabishana kwa sauti, hiyo ni dalili njema kuliko ukimya. Muulize mwalimu wa somo analolipenda mtoto wako amekaa hapo miaka mingapi, na aliyekuwepo kabla yake yuko wapi. Muulize mkuu wa shule anafundisha kipindi gani yeye mwenyewe. Uliza mara ya mwisho walimu walikataa pendekezo lake ilikuwa lini. Akicheka na kukupa mfano, umepata kitu. Mwulize mlinzi mkuu huingia saa ngapi. Mlinzi hadanganyi sana.

Wengi wenu mna vyama, cha soko, cha wasafirishaji, cha akina mama wa mpakani. Chama cha watu 30 wenye watoto katika shule tatu kinaweza kupata kiti kwenye kamati ya wazazi, na kiti hicho kisiishie kujadili bei ya sare. Kamati za shule za Iganga hazikuwa za maprofesa.

Yule mama wa vitenge tulimtafuta tena wiki hii. Hajamhamisha mwanawe. Kijana yuko kidato cha nne, ameshasajiliwa UNEB, na mtahiniwa aliyesajiliwa hahamishwi kirahisi. Muhula huu amepata mwalimu wa nne wa fizikia. Mama ameomba namba ya simu ya mwalimu huyo, na humpigia kila mwisho wa mwezi kumwuliza tu kama bado yupo.